Ua la Majani Saba

Wanga wa muhogo una harufu yake. Ukoroge unga kidogo kwenye maji ya baridi, ubandike jikoni, ukoroge tena bila kupumzisha mkono mpaka weupe uishe na ubaki mwangavu, hapo ndipo inapotoka, tamu kidogo, na uchachu kwa mbali. Wiki iliyopita jirani yangu alikuwa akimpikia mwanawe uji, akazidisha maji, na harufu ikaruka ukuta ikanikuta ninaanika nguo. Nilisimama na shuka mkononi, nimesahau nilikuwa nataka kufanya nini. Nilikuwa nimerudi uwani kwetu Kihonda, nina miaka tisa, nimesimama katikati ya mabeseni yaliyofunikwa kifudifudi, kila beseni limevalishwa kitambaa cheupe kilicholowa wanga, na mama yangu ananifokea nisije nikayagusa na mikono yangu ya maembe.

Basi kaeni, niwasimulie. Nimelibeba jambo hili miaka mingi na hata leo sina hakika kama nilitenda wema au ubaya.

Uwani kwetu kila Jumamosi, nguo zikishafuliwa na vyombo vikishakauka, walikuwa wakikutana wanawake watatu kufuma vitambaa. Wengine walikuja na kuondoka, lakini watatu hao ndio waliokuwa nguzo. Wa kwanza alikuwa mama yangu, Mama Eliza, aliyetoka Iringa akimfuata baba, na baba naye alikuwa amefuata kazi ya kiwanda cha nguo. Wa pili alikuwa Mama Devota, Mchaga wa nyumba ya tatu, aliyejua habari za mtaa mzima na aliyeanza kila sentensi kwa kusema, "Mimi sisemi, ila nasema." Wa tatu alikuwa Bi Mwanaidi, Mluguru wa Bigwa, mtu mzima kuliko wenzake wote. Alifika na kikapu cha njegere na ndizi kutoka shambani kwake chini ya mlima, akauza njiani, na kilichobaki akatugawia sisi. Nilikuwa nikimwona tu kwenye kona ya nyumba ninakimbia kumpokea kikapu. "Shikamoo bibi!" "Marahaba mjukuu wangu. Hujambo? Na vidole vyako havijambo?" Salamu ya vidole ilikuwa yangu peke yangu, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha kufuma.

Sindano zao za kroshia zilitengenezwa kwa spoki za baiskeli. Baba alikuwa akikata spoki, akaipinda ncha, akaisugua kwa tupa na kwenye jiwe mpaka isikwaruze uzi. Uzi wenyewe ulitoka kiwandani, yale mabaki yanayobaki kwenye koni wafanyakazi wakaruhusiwa kuyachukua. Ulikuwa uzi wa rangi ya maziwa yaliyolala. Kwa miaka yote ile nilidhani duniani kuna uzi wa rangi hiyo tu.

Na ushauri! Ukikaa nao saa moja ungeondoka na elimu ya mwaka. Vidole vikitoa jasho wakati wa joto, vipake unga kidogo wa muhogo. Wanga ukiwa mzito kitambaa kinakuwa kama kadibodi, ukiwa mwepesi kinalegea siku ya pili, kwa hiyo weka sukari kijiko kimoja, lakini ukizidisha, sisimizi watahamia sebuleni kwako. Uzi wa zamani uliofumuliwa upitishe kwenye vidole vilivyolowa ili unyooke. Katikati ya hayo waliingiza dawa ya kikohozi, namna ya kumwachisha mtoto ziwa, bei ya mchele, na mume wa mtu aliyeonekana Mikese akiwa na mtu asiye wake. Mimi nilikuwa nimekaa miguuni pa Bi Mwanaidi na kiduara changu cha uzi, ninajifanya sisikii.

Sasa niwaeleze sampo. Hatukuwa na vitabu vya mishono, na hata vingekuwepo, Bi Mwanaidi hakusoma. Mshono ulihama kutoka nyumba hadi nyumba kwa sampo. Mwenye kitambaa kizuri anakuazima, unakiweka mapajani, unafuata jicho kwa jicho, ukimaliza unarudisha kimefuliwa na kimetiwa wanga. Hukuuliza maswali. Ulifuata kama kilivyo.

Sampo iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya Bi Mwanaidi. Alikuwa ameifuma ujanani: maua ishirini yaliyofumwa moja moja kisha yakaunganishwa, safu nne za maua matano matano, na kila ua lilikuwa na majani manane. Kila ua, isipokuwa moja. Ua la tatu kwenye safu ya pili lilikuwa na majani saba, na jani la saba lilikuwa nene, limejikunja, limebanwa upande mmoja kana kwamba limekanyagwa.

Na sasa mtacheka. Kwa sababu sampo inafuatwa kama ilivyo, wanawake wote walilifuma na lile ua bovu. Kihonda nzima! Ungeingia nyumba yoyote yenye makochi, ukainua chombo cha maua kilichowekwa juu ya meza, ungelikuta palepale, ua la tatu safu ya pili, majani saba, moja limejikunja. Kila mmoja alilifikia kwa njia yake, akiminya na kuruka mpaka lifanane. Mama Devota alikuwa na maelezo yake. "Mimi sisemi, ila nasema, hilo limewekwa makusudi, ukipotea hesabu unaanzia hapo." Bi Mwanaidi aliposikia maelezo hayo alikuwa akiinamia uzi wake tu.

Mimi nilikuwa mzuri wa hesabu. Huu ndio ulikuwa ugonjwa wangu. Darasani nilimaliza kabla ya wenzangu na nikaanza kuwasahihisha, na mwalimu akanisifu, na sifa ikanipanda kichwani ikakaa. Ua lile lilikuwa linaniwasha. Nikilitazama nilitamani kulitoa kama mtu anavyotamani kutoa mwiba wa mwenzake.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Wale wa umri wangu mnaikumbuka. Kabla yake tulipanga foleni ya sabuni, kisha ghafla maduka yakajaa. Sabuni za kunukia, biskuti za kwenye bati, sufuria zinazometameta, na mitumba, milima ya mitumba, mpaka mapazia na vitambaa vya wazungu. Nilidhani raha imefika. Lakini katika miezi ileile king'ora cha kiwanda, kilichokuwa kinatuamsha kila asubuhi, kikaanza kulia siku moja na kunyamaza siku mbili. Kisha kikanyamaza kabisa. Baba alibaki nyumbani, amevaa shati lake la kazi, anasikiliza redio. Redio ilikuwa ikisema marekebisho, marekebisho. Nikamuuliza baba marekebisho ni nini.

"Ni kutengeneza palipoharibika," alisema.

"Kwa hiyo kiwanda kimetengenezwa?"

Baba alinyoosha mkono akahamisha kituo. Nilichanganyikiwa sana siku hizo, niseme kweli. Vitu vilikuwa vimejaa madukani na sisi tulikuwa tumeanza kula mlo mmoja, na hakuna mtu mzima aliyeona haja ya kunieleza mambo hayo mawili yanakaaje pamoja.

Mama hakuwa mtu wa kukaa. Alikunja vitambaa vyake vizuri zaidi akavipeleka mjini kwa mama mmoja mwenye duka la vitu vya maharusi. Nilikwenda naye. Mwenye duka alivitandaza juu ya meza ya kioo, akavisifu, akapitisha kidole safu kwa safu, na kidole chake kikasimama pale. Ua la tatu, safu ya pili.

"Hili limeharibika, mama," alisema. "Na hiki pia. Na hiki. Siku hizi wateja wameona vya nje, vya mashine, havina kosa hata moja. Nirekebishie, uniletee. Nitavichukua vyote."

Mama alivikunja upya. Njiani kurudi mimi nilikuwa ninarukaruka kwa furaha moyoni, kwa sababu kumbe nilikuwa sahihi. Ua lilikuwa bovu, na mtu mkubwa mwenye meza ya kioo amesema. Tena nilikuwa nimeelewa jambo ambalo mama, kwa mawazo yangu, alikuwa hajaelewa. Hakukuwa na faida ya kurekebisha kitambaa kimoja kimoja wakati kosa lilikuwa kwenye sampo. Ukiitengeneza sampo, Kihonda nzima imetengenezwa, na mama atauza, na baba atavua lile shati.

Wiki ile sampo ilikuwa kwetu. Mama alikuwa ameiazima afumie kitambaa kingine, ikawekwa kabatini, imefungwa ndani ya kanga. Jumatano nilipotoka shule mama alikuwa amekwenda sokoni na Mama Devota, na baba alikuwa amelala. Nikaitoa. Nikachukua wembe, nikakata uzi uliolishika lile ua kwa wenzake, fundo moja baada ya jingine, kwa uangalifu mkubwa. Nilikuwa nimejipanga kufuma jipya kwa uzi mwingine, lakini mabaki ya kiwandani yalikuwa yamekwisha, na uzi mpya wa dukani ulikuwa mweupe wa kung'aa, ungejulikana. Nikafanya lile ambalo fundi yeyote angefanya. Nikalifumua lile ua. Uzi ulitoka umejikunjakunja, mgumu kwa wanga wa miaka, nikaupitisha kwenye vidole vilivyolowa kama nilivyofundishwa mpaka ukanyooka. Kisha nikafuma kwa uzi uleule ua la majani manane, nikahesabu mara tatu, nikaliunganisha mahali pake kwa kipande kilichobaki. Hata mama hakuona. Nilikuwa nimepanga liwe jambo la kumfurahisha Bi Mwanaidi mwenyewe, Jumamosi, mbele ya watu.

Jumamosi alifika. Nilimpokea kikapu, nikamwamkia, na kabla hajakaa sawasawa nikamwekea sampo mapajani.

Bi Mwanaidi alikuwa na mazoea ya kuisoma sampo yake kwa vidole kuliko kwa macho. Vidole vilishuka safu ya kwanza, vikaingia ya pili. La kwanza. La pili. La tatu. Vikasimama. Vikarudi nyuma, vikapita tena, polepole, jani kwa jani.

"Nani katengeneza?" aliuliza.

"Mimi, bibi."

"Na lile la zamani liko wapi?"

"Nimelifumua, bibi. Uzi ndio huohuo!"

Nakumbuka Mama Devota alivyoacha mdomo wazi, na mama alivyoweka chini kazi yake. Bi Mwanaidi aliendelea kulipapasa ua langu kwa muda ambao mimi niliuona mrefu mno. Halafu akaniwekea kiganja kichwani.

"Umefuma vizuri," alisema. "Una mkono mwepesi, mjukuu wangu."

Akaomba maji ya kunywa. Akanywa, akaikunja sampo akaitia kikapuni, akaaga mapema, akisema anga limebadilika upande wa mlimani. Anga lilikuwa jeupe pe.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Na iliyofuata hakuja. Nilingoja kwenye kona ya nyumba mpaka jua likashuka. Mama Devota alisema hasemi, ila anasema, mtu akiguswa kitu chake anaumia. Mama hakunichapa, na hilo ndilo lililonitisha. Aliniuliza mara moja tu, "Nani alikutuma?" Nikajibu hakuna, nikaeleza habari ya duka na meza ya kioo na baba kuvua shati. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akainuka akaenda kuchochea moto uliokuwa unawaka vizuri tu. Nilichanganyikiwa. Nilikuwa nimesifiwa kwa mdomo wa mwenyewe, kwa kiganja juu ya kichwa, na bado kila mtu alikuwa kama amefiwa. Ikiwa nimefanya vizuri, mbona haji? Na ikiwa nimefanya vibaya, mbona kasema vizuri? Nilianza kuogopa kwamba nimempoteza mtu wa pekee duniani aliyeviulizia hali vidole vyangu.

Juma la tatu mama alichukua kitambaa chake kimoja, kilekile alichokataliwa dukani, akakifunga kwenye kanga, akanishika mkono, tukaenda Bigwa kwa miguu. Safari yote mlima ulikuwa mbele yetu na sikuuangalia hata mara moja, nilikuwa ninaangalia vidole vya miguu yangu.

Tulimkuta Bi Mwanaidi amekaa ndani juu ya mkeka. Mkeka ulikuwa umejaa maua. Maua ya uzi, madogo madogo, makumi kwa makumi, yametapakaa mpaka kwenye kizingiti. Nilidhani amepata oda kubwa.

"Bi Mwanaidi, nimekuja na mwenye kosa," mama alisema.

"Mtoto hana kosa. Kaona palipoharibika, katengeneza." Alitabasamu kidogo. "Mie nipo tu hapa, nahangaika. Wiki ya tatu sasa. Haliji."

Nilipewa njegere za kumenya nikakae kizingitini. Ndani waliongea kwa sauti ya chini, zaidi Bi Mwanaidi, na mara nyingine Kiluguru kikamtoka, mama akimwachia. Mama alipotoka kuniita macho yake yalikuwa mekundu. Nikadhani ni moshi.

"Bibi yako anataka umfumie lile la mwanzo," alisema. "Lenye majani saba."

Nilikaa kwenye mkeka, nikapewa spoki na uzi. Na sasa sikilizeni aibu ya mjuaji. Nilishindwa. Nilifuma, nikahesabu: manane. Nikafuma tena nikaacha moja makusudi: saba, lakini yote yamenyooka, yamejipanga sawasawa, ua zuri dogo lisilo na shida yoyote. Hayo ndiyo maua yaliyokuwa yamejaa mkekani. Bi Mwanaidi naye alikuwa akipata hayohayo. Kukosea kwa kupanga ni kazi ngumu kuliko mnavyofikiri; hata kule kuminya na kuruka kwa akina mama kulitoa la kuiga tu, si lenyewe. Nikaanza kulia, machozi yanalowesha uzi. Bi Mwanaidi akanitazama, akacheka, kicheko cha kweli kilichomtikisa mabega, akajifuta macho kwa pindo la kanga.

"Ngoja," alisema. "Ngoja, nimekumbuka. Hatufumi kwa kuhesabu."

Akahama, akakaa nyuma yangu, miguu yake huku na huku, mikono yake ikanishika mabega. Alinuka moshi na majani ya migomba. "Fuma," alisema, nikafuma mpaka jani la sita. "Sasa vuta pumzi. Bana uzi. Bana zaidi. Usiachie, usiachie." Vidole vyake vilinikaza mabega mpaka nikasikia maumivu. "Usiachie mwanangu, bado, bado. Haya. Sasa achia."

Nikaachia. Jani la saba lilikuwa limelimeza la nane, nene, limejikunja, limebanwa upande mmoja. Bi Mwanaidi alilichukua akaliweka kwenye kiganja, akakifunga kiganja. Alikaa hivyo nyuma yangu. Nilisikia pumzi zake kwenye shingo yangu na sikujua kama nimeruhusiwa kugeuka.

Mwisho wake walibadilishana. Mama alimwachia Bi Mwanaidi kitambaa chake chenye ua bovu, na Bi Mwanaidi akampa mama sampo yenyewe, yenye ua langu. Lile tulilolifuma siku ile hakuliunganisha popote. Alilifunga kwenye pindo la kanga yake. Mama alinishika mkono njia nzima ya kurudi ingawa nilikuwa na miaka tisa na nilijiona mkubwa. Nilimuuliza kwa nini bibi anataka lililoharibika na hali anaweza kuwa na zima.

"Utaelewa ukikua," alisema.

Hakuna jibu lililokuwa likinikera kama hilo.

Jumamosi iliyofuata alikuja. Nilimwona kwenye kona nikakimbia mpaka nikajikwaa. "Na vidole vyako havijambo?" Nikalia tena, mbele ya Mama Devota, aliyelitangaza jambo hilo mtaa mzima. Tangu siku hiyo Bi Mwanaidi akawa anawafundisha wanawake ua lile kwa namna yake mpya. Hakuna tena kuminya na kuruka. Ukifika jani la sita, vuta pumzi, bana, usiachie, achia. Ikawa ndiyo desturi ya uwani kwetu. "Umefika wapi?" "Nimefika pa kuvuta pumzi." Mama Devota alisema hasemi, ila hiyo ndiyo siri ya watu wa Bigwa. Mama alifuma vya aina mbili, vya dukani vyenye maua ishirini sawasawa, na vya nyumbani. Mwenye duka alivipokea vya kwake kwa furaha. Baba mwishowe alilivua lile shati akaanza kutengeneza baiskeli kando ya barabara, na spoki za sindano hazikukosekana. Mimi nilikua, nikalisahau jambo lile, au nilidhani nimelisahau.

Nililikumbuka nikiwa nimelala kwenye kitanda cha wodi ya wazazi, usiku umepita na asubuhi imefika na mtoto wangu wa kwanza hataki kuja. Sikuwa ninafikiri juu ya vitambaa, niwahakikishie. Nilikuwa ninamchukia kila mtu. Muuguzi, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, alipita nyuma yangu akanishika mabega. "Vuta pumzi," akasema. "Bana. Usiachie, usiachie mwanangu, bado, bado. Haya. Sasa."

Nilimgeukia nikamtazama kama mwendawazimu. Alidhani ni uchungu.

Mama alikuwa nje kwenye benchi. Aliponijia, mtoto amekwishaoshwa na amelala, nilimwambia tu, "Mama, ua la Bi Mwanaidi." Naye akanisimulia yale aliyosimuliwa ndani ya nyumba ya Bigwa siku nilipokuwa ninamenya njegere. Bi Mwanaidi alikuwa msichana wa mimba ya kwanza, amekaa kizingitini anafuma, wenzake wote wamepanda mlimani kwenda shambani. Alikuwa kwenye ua la tatu safu ya pili uchungu ulipomshika. Hakukuwa na wa kumwita. Alichokuwa nacho mkononi ni uzi na sindano, akavishikilia. Mtoto alikuwa wa kike. Aliishi siku ile na nusu ya siku iliyofuata, hakupewa jina, na kwa desturi ya wakati ule hakuombolezwa kwa sauti. Bi Mwanaidi alipopata nguvu alilikuta ua lile kama alivyolishika. Akaendelea na la nne. Hakupata mtoto mwingine, na hakumwambia mtu, mpaka mama yangu.

Mimi nilikuwa nimelichukua ua hilo na kulinyoosha kwa mate na maji.

Bi Mwanaidi alikuwa ameshatangulia wakati huo, sikuweza kwenda kumwomba radhi. Sampo yake ninayo mimi. Naitia wanga mara moja kwa mwaka, na kila mara vidole vyangu vinapofika kwenye ua nililolifuma, jema, lililonyooka, majani manane, vinasita. Uzi ni uleule aliokuwa ameushika. Nimeufuma vizuri. Sijui la kuufanya. Nikilifumua, nitakuwa nimefumua mara mbili, na nikiliacha, limekaa pale linanitazama. Aliposema umefuma vizuri alikuwa ananisifu, au alikuwa anamfariji mtoto aliyekuwa amemwumiza? Nimekua, na hili bado sijalielewa.

Mwaka jana nilikwenda Kihonda msibani. Mtaa umebadilika, nyumba zimebanana, nikapotea njia ya kwetu. Tulipokelewa nyumba ya majirani nisiowajua, na wakati wazee wanaongea, mtoto wa kike wa nyumba ile alikuwa amekaa chini kwenye kapeti anafuma kitambaa cha mezani, kwa sindano ya kununua na uzi wa waridi. Maua, moja moja. Nilimhesabia bila kutaka. Safu ya pili, ua la tatu. Akafika jani la sita, akasimama, akavuta pumzi.

"Unafanya nini hapo?" nilimuuliza.

"Ndivyo linavyofumwa hili, mama. Ukifika hapa unavuta pumzi," alisema, akiwa amebana uzi kwa vidole vyote. "Bibi alifundishwa hivyo, hata yeye hajui kwa nini." Kisha akavuta pumzi tena, mashavu yakajaa.

Nilitaka kumwambia. Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Lakini alikuwa bado amebana, bado, bado, na ndipo nilipogundua kuwa na mimi nimezuia pumzi. Nilimngoja. Alipoachia, nikaachia.